Jiwe na Kwao: Hotuba ya Siku ya Vimondo, Mbozi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa wilaya na wa kijiji cha Ndolezi, wazee wangu shikamooni. Walimu, wahifadhi wa kituo hiki, na ninyi wanafunzi mliotoka Vwawa, Mlowo na Tunduma kwa mabasi ya alfajiri, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ndefu: umuhimu wa kutembelea makumbusho ya madini, vito na vimondo. Umuhimu wenyewe umeshasemwa na walionitangulia, na wameusema vizuri. Naomba mniruhusu nizungumzie jinsi ya kutembelea. Mimi nimefanya kazi ya maabara ya miamba, kukata mawe na kuyasaga mpaka yapitishe mwanga, kwa hiyo nimesimama sana kwenye vyumba vidogo vya mawe, nikiyaangalia mawe na nikiwaangalia wanaoyaangalia. Watu wengi huingia, huzunguka mara moja, hupiga picha na jiwe lenye rangi kali kuliko yote, huuliza swali moja, kisha huyoo wametoka. Swali lenyewe mnalijua. "Hili bei gani?"

Siwalaumu. Nchi nzima ilimwona Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Simanjiro, mwezi Juni 2020 akiiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Mtu aliyeshuhudia hayo ni vigumu kuliangalia jiwe bila kuwaza bei. Lakini bei ni swali la sokoni, na majibu yake hubadilika kila wiki. Kwenye makumbusho nawaomba mwanze na swali jingine: jiwe hili limetoka wapi?

Jibu liko kwenye lebo, kile kikaratasi kidogo ambacho wengi wetu hatukisomi. Lebo iliyoandikwa vizuri ina jina la madini, mahali hasa yalipopatikana, mwaka, na namba inayolingana na namba iliyoandikwa kwenye daftari la makumbusho. Nikisema mahali hasa namaanisha kijiji, mlima, au mgodi wenyewe, na kama ni mgodi basi kina chake. Kuandika "Tanzania" peke yake hakutoshi. Jiwe likipoteza lebo linabaki kuwa pambo. Mtafiti hawezi kulifanyia kazi, kwa sababu hajui mwamba gani ulilizaa wala lilikuwa jirani na mawe gani. Nimewahi kuona droo nzima ya fuwele nzuri mno, zimechanganyika, vikaratasi vimeliwa na mende. Uchungu wake sijausahau, maana kila moja ya fuwele zile kuna mtu alitembea kwa miguu kuifuata, akaibeba mgongoni, akaiandikia.

Hapa nchini nyumba za namna hii ni chache na ni ndogo. Iko ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini pale Dodoma, warithi wa idara iliyoanzishwa mwaka 1925. Iko hii tuliyomo. Udogo usiwasumbue. Kwenye jumba kubwa la Ulaya utapita mbele ya maelfu ya mawe na jioni usikumbuke hata moja. Chumba kidogo kinakupa nafasi ya kukaa na jiwe moja mpaka mfahamiane.

Chukueni tanzanaiti hiyo hiyo. Inatoka kwenye ukanda mmoja tu wa Mererani, urefu wa kilomita zipatazo saba na upana wa kilomita mbili hivi. Ilianza kufahamika mwaka 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu na kuitangaza. Hayo mnafundishwa darasani. Mkikutana na jiwe ghafi kwenye kabati, mwombeni mhifadhi awashe tochi na aligeuze taratibu mbele ya macho yenu. Upande mmoja mtaona bluu. Likigeuzwa, bluu inaingia zambarau. Likigeuzwa tena, inakuja rangi ya kahawia yenye wekundu ndani yake, na mtadhani mhifadhi amebadilisha jiwe. Ni lile lile. Mwanga ukipita kwenye fuwele hii hunyonywa tofauti kulingana na mwelekeo unaopitia, ndiyo maana kila upande una rangi yake. Tanzanaiti nyingi za dukani zimepoteza ile kahawia kwa sababu zilipashwa moto, kiasi cha nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ili bluu ibaki peke yake. Kwa hiyo jiwe ghafi linawaonyesha kitu ambacho kidani cha sonara hakiwezi kuwaonyesha.

Mkimaliza, msiondoke kwenye kabati hilo. Vito vya Mererani haviji peke yake. Huja vimeshikamana na kinywe, kwazi, kalsaiti na mawe mengine ambayo mnunuzi huyabangua na kuyatupa. Miaka michache iliyopita, watafiti wakiongozwa na John Jaszczak wa chuo cha Michigan Tech, Marekani, ambako kuna makumbusho ya madini ya A. E. Seaman, walivutiwa na vinyuzi vya rangi ya kijivu cha fedha vilivyoshika kwenye sampuli za Mererani. Ni vyembamba kuliko unywele, na urefu wake kwa kawaida haufiki milimita moja. Aliyesafisha jiwe ili lipendeze angevipangusa bila hata kujua vilikuwepo. Vilipopimwa, vikakutwa vimeundwa na molibdeni, risasi, vanadi, antimoni na salfa, katika tabaka nyembamba mno zilizojiviringisha zenyewe kwa zenyewe. Madini hayo hayakuwa yamewahi kuorodheshwa popote duniani. Mwaka 2016 yalikubaliwa kuwa madini mapya na yakaitwa merelaniiti, kwa jina la mahali yalipotoka. Shirikisho la kimataifa la wanamadini likayachagua kuwa Madini ya Mwaka 2016.

Nataka mlione hilo kwa makini, vijana. Wanaapolo, wachimbaji wa Mererani, walishuka kwenye mashimo yale kwa miaka karibu hamsini, madalali wakayageuzageuza mawe yale kwenye viganja, na vinyuzi vilikuwa humo humo. Vilihitaji mtu wa kuinama na lenzi juu ya kile ambacho wengine walikiona ni uchafu. Na vilihitaji lebo. Kama sampuli zile zingekuwa zimeandikwa "Afrika" tu, madini hayo leo yangekuwa na jina jingine.

Jiwe la pili ninalotaka mlitafute ni baya kwa sura. Ni donge jeupe au la kijivu, linavunjika vunjika, mara nyingi limewekwa kwenye chupa. Linatoka Ol Doinyo Lengai, mlima wa Wamaasai ulioko kusini mwa Ziwa Natron. Volkano nyingine duniani hutoa lava ya mwamba ulioyeyuka, mara nyingi yenye joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Lengai hutoa lava ya ukoo wa magadi, haya magadi tunayowekea maharage. Joto lake ni kama nusu tu ya hizo nyingine, nyuzi 500 hadi 600. Mchana haing'ai, inatiririka ikiwa nyeusi, tena kwa kasi, kwa sababu ni nyepesi mno. Ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya aina hiyo, na mtaalamu J. B. Dawson aliieleza kwa ulimwengu wa sayansi mwanzoni mwa miaka ya 1960, baada ya kushuka kwenye kreta na kuiona ikitoka.

Ndani ya lava hiyo kuna madini mawili makuu. Moja limeitwa kwa jina la J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyechunguza Bonde la Ufa. La pili linaitwa nyerereiti. Naam, kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Nimeshawauliza wanafunzi wa shule nyingi kama wanajua kwamba Baba wa Taifa ana madini yake, na mikono inayonyooshwa ni michache sana. Nahuzunika kila ninapouliza. Tuna barabara, viwanja na shule zenye jina lake, na hatujui kwamba jina hilo limo kwenye kila orodha ya madini duniani, Japani, Brazili, Urusi, na litabakia humo hata barabara zikibadilishwa majina.

Lakini nyerereiti haivumilii unyevu. Lava ya Lengai ikishapoa, ndani ya saa chache au siku chache inaanza kuvuta maji kutoka hewani na kuwa nyeupe. Madini ya mwanzo yanaondoka, madini mengine yanachukua nafasi yao. Kwa hiyo sampuli iliyowekwa kwenye kabati la kawaida, masika mbili tatu zikipita, ina lebo ya nyerereiti na ndani yake hamna nyerereiti. Kuitunza kunataka chupa iliyofungwa ikaza, kitu kikavu cha kunyonya unyevu, na mtu anayekumbuka kukibadilisha kila baada ya muda. Mtu huyo mshahara wake ni mdogo na hakuna anayempigia makofi. Leo tumpigie. Wahifadhi, simameni tafadhali. Asanteni sana.

Sasa tutoke nje, kwa sababu jiwe kuu la hapa halikuingia ndani ya nyumba.

Kimondo chetu kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Urefu wake ni zaidi ya mita tatu, upana mita moja na nusu na ushei, kimo kama mita moja na robo. Mtaambiwa uzito wake ni tani 12, wengine watawaambia tani 16. Yote hayo ni makadirio, yametokana na kupima umbo na kuzidisha kwa uzito wa chuma. Wenyeji wa hapa walikijua tangu enzi. Habari zake zilifika nje mwaka 1930, kupitia mpima ardhi aliyeitwa W. H. Nott, kutoka Johannesburg. Wakati ule sehemu ya juu tu ndiyo iliyoonekana. Baadaye mteremko ulichimbwa pande zote, ikaachwa nguzo ya udongo asilia chini yake, na nguzo hiyo ikajengewa zege ili isiporomoke. Hilo jukwaa mnaloliona chini ya kimondo ndilo hilo. Kimondo hakikuinuliwa, ni ardhi iliyoondolewa. Napenda sana kwamba waliofanya kazi ile hawakushawishika kukihamisha. Mwaka 1967 kikatangazwa kuwa kumbukumbu inayolindwa kisheria.

Mkifika, wekeni kiganja. Asubuhi ya baridi ya Juni kama hii mtaona kinavyounyonya joto mkono, upesi kuliko mwamba wowote, kwa sababu ni chuma. Kisha pitisheni vidole kwenye mabonde yake. Uso wake haukuchongwa na mvua pekee. Wakati kinapita hewani, sehemu zake ziliyeyuka kwa viwango tofauti, ndipo zikabaki zile bonde na matuta. Halafu zungukeni mpaka kwenye ncha nyembamba. Pale mtaona mahali palipokatwa. Mwaka ule ule wa 1930 Grantham, mwanajiolojia wa idara ya Dodoma niliyoitaja, alikata kipande cha sentimita kama kumi kwa ajili ya uchunguzi, kwa msumeno, kazi ya saa nyingi. Makovu mengine ya mapanga na nyundo pale pale ni ya watu waliotaka ukumbusho wa kupeleka nyumbani. Chuma chenye nikeli ni kigumu, waliambulia kidogo. Kovu la Grantham lina lebo, na kipande chake kilitujulisha kimondo kimeundwa na nini: chuma asilimia 90.45, nikeli asilimia 8.69, na kiasi kidogo cha salfa na fosforasi. Makovu mengine hayakumfundisha mtu chochote, na vipande vyake hatujui viko wapi. Kwa hiyo ukishikwa na tamaa ya kumega, kumbuka kwamba unachomega kinakufa ukishakitia mfukoni.

Hiyo nikeli ndiyo hati yake ya kusafiria. Wazee wa huku wananielewa nikizungumzia kufua chuma. Wanyiha walikuwa wafua chuma hodari, na majirani zao Wafipa walijenga yale matanuru marefu, malungu, yanayosimama hadi leo kwenye nyasi za Ufipa. Kila palipokuwa na tanuru pana mavi ya chuma, takataka inayobaki baada ya kuyeyusha chuma: mazito, meusi, yana matundu, mengine yanavutwa na sumaku. Kila mwaka mtu huja na gunia, ana uhakika ameokota kimondo, na ndani yake mna mavi ya chuma. Msimcheke mtu huyo. Alichobeba ni kazi ya mikono ya babu zake, na mimi ningefurahi kikiwekwa kwenye kabati kwa lebo yake halali. Ila kwa kutofautisha, angalieni mambo machache. Kimondo hakina matundu ya mapovu ndani. Kikiwa kimeanguka karibuni kina ganda jembamba jeusi lililoungua. Vingi huvutwa na sumaku. Na kikiwa cha chuma lazima kiwe na nikeli, ambayo chuma cha tanuru zetu haina kwa kiwango hicho. Kuna dawa ya maabara ambayo ikikutana na nikeli hugeuka rangi ya waridi.

Vimondo vingi vya chuma vimegawanywa kwenye makundi, kila kundi likiaminika kutoka kwenye mwili mmoja wa angani uliovunjika. Kimondo cha Mbozi hakimo kwenye kundi lolote. Ndani yake kuna hata vipande vya mwamba ambavyo havifanani na vya vimondo vingine. Kwenye orodha ya kimataifa kimewekwa upande wa wasio na kundi, na kimeandikwa Mbosi, kwa s, kama walivyoandika wakoloni. Mkikitafuta kwenye intaneti kwa tahajia yetu peke yake mtakosa nusu ya maandiko yaliyopo.

Nimekisifu kimondo hiki na ninakipenda. Lakini kilichonifanya nikubali mwaliko wa leo ni kimondo kingine cha mkoa huu huu wa Songwe, ambacho wengi wenu hamjapata kukisikia.

Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, jiwe lilianguka Ivuna, kule bondeni upande wa kusini wa Ziwa Rukwa, wilaya ya sasa ya Momba. Ivuna mnaijua kwa chumvi. Watu wamechemsha chumvi kutoka kwenye chemchemi zake kwa mamia ya miaka, na wanaakiolojia walikwenda kuchimba huko miaka ya 1960 kwa ajili ya historia hiyo. Jiwe lenyewe lilikuwa na uzito wa gramu 705, chini ya kilo moja. Mkilinganisha na huyu mkubwa wa Marengi, ni kitu cha kuwekwa mfukoni. Kwa macho ni kipande cha mkaa: jeusi, laini, linaacha alama kwenye vidole, na linamomonyoka likishikwa vibaya. Mawe ya aina yake yakilowa maji hupasuka na kusambaratika. Na lilianguka Desemba, mvua zikiwa mlangoni. Aliyeliokota, yeyote aliyekuwa, aliokoa kitu ambacho masika moja tu ingekirudisha kwenye udongo.

Kwa nini nasema aliokoa kitu cha maana? Kwa sababu mawe mengi ya duniani na ya angani yameshayeyuka, yakapikwa, yakachujwa. Chuma kikazama katikati, mwamba mwepesi ukapanda juu. Mbozi ni zao la kuyeyuka huko. Jiwe la Ivuna halikuyeyuka kamwe. Umri wake ni miaka bilioni 4.56, sawa na umri wa mfumo wetu wa jua, na mchanganyiko wa elementi zilizomo ndani yake unakaribiana mno na ule wa Jua lenyewe, ukiacha gesi kama haidrojeni na heliamu. Mtaalamu akitaka kujua sayari zilitengenezwa kwa malighafi gani, hapimi Jua kwa kijiko; anapima jiwe la aina hii. Lina maji yaliyofungwa ndani ya madini yake ya udongo, kadiri ya asilimia 20 ya uzito wake. Lina kaboni. Lina asidi za amino, zile zinazojenga protini.

Mawe ya namna hii yaliyoonekana yakianguka, katika historia yote iliyoandikwa, ni matano: Alais na Orgueil kule Ufaransa, mwaka 1806 na 1864, Tonk ya India, 1911, Ivuna yetu, 1938, na Revelstoke ya Kanada, 1965. Orgueil ndilo kubwa kuliko yote, lilianguka miaka mingi kabla ya letu. Na bado wanasayansi walipoligawia kundi hili jina, walichukua jina la Ivuna. Kundi zima linaitwa CI. Hiyo C ni ya kaboni, na hiyo I ni Ivuna. Kila kitabu cha kemia ya anga kina jedwali la wingi wa elementi, na juu ya jedwali hilo pameandikwa CI.

Mwezi Desemba 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilishusha Australia vumbi na changarawe, gramu tano na kidogo, kutoka asteroidi, jiwe kubwa la angani linalozunguka Jua, iitwayo Ryugu. Safari ya miaka sita, mabilioni ya kilomita. Walipoyachambua maabara, mwaka 2022 wakachapisha matokeo: changarawe za Ryugu zinafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Ndivyo kichwa cha makala kilivyosema, kwa jina hilo, kwenye jarida la Science. Watu wa Tokyo wanalitamka jina la kijiji cha Momba kila siku ya kazi, na mtoto wa Kamsamba, wilaya hiyo hiyo, anayekwenda kisimani hajawahi kuambiwa.

Jiwe lenyewe liko wapi? Limegawanyika, liko nje. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalipata kipande kikubwa kilichokuwa mikononi mwa mkusanyaji binafsi wa Marekani, na wanakihifadhi ndani ya gesi ya naitrojeni ili unyevu usikiguse. Sisimami hapa kuwalaumu. Wamelitunza vizuri kuliko ambavyo tungeweza sisi wakati ule, na kwa jiwe linaloogopa maji hilo si jambo dogo. Lakini Mheshimiwa mgeni rasmi, nina ombi, na nimeliandika pia kwenye barua niliyokukabidhi.

Naomba Ivuna ipate mahali pake ndani ya kituo hiki. Hatua ya kwanza haina gharama kubwa: picha nzuri ya jiwe, ramani inayoonyesha Ivuna na Marengi kwenye karatasi moja, na maelezo ya Kiswahili yanayomweleza mtoto wa darasa la tano CI ni nini. Hilo linaweza kukamilika kabla ya Siku ya Vimondo ijayo. Hatua ya pili ni kuomba mkopo. Makumbusho hukopeshana sampuli; ni utaratibu wa kawaida baina yao. Hata gramu moja, ndani ya kichupa kilichofungwa kwa naitrojeni, chenye taa na lenzi juu yake. Ili tukubaliwe lazima tuonyeshe kwamba tuna chumba kikavu, umeme usiokatika ovyo, ulinzi, na mhifadhi aliyefundishwa. Basi tuanze na hayo, maana hata kama gramu hiyo haikuja, nyerereiti yetu itapata chumba kikavu.

Ombi la mwisho ni kwenu wanafunzi, hasa wenye kwao upande wa Kamsamba na Ivuna. Tarehe, uzito na kemia ya jiwe lile vimeandikwa. Watu wa Ivuna waliona nini jioni ile, walisikia mngurumo gani, nani aliliokota, alilipeleka kwa nani, hayo tunayataka kutoka kwenu. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1938 leo ni mzee sana, au hayupo tena. Lakini watoto wake wapo, na hadithi za baba hubaki. Mkirudi nyumbani ulizeni kwa adabu, kaeni, msiwaharakishe wazee. Andikeni jina la kijiji na kitongoji, nani amesimulia, aliisikia kwa nani, na maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kinyamwanga, Kiwanda au Kiswahili. Mzee akisema hajawahi kusikia habari hiyo, liandikeni nalo.

Nimeacha daftari kwa mhifadhi, pale mapokezi. Kurasa za mwanzo nimezipiga mistari: jina, mahali, tarehe, maelezo. Walimu mtakaopenda kuchukua nakala za fomu hiyo kwa ajili ya shule zenu, ziko mezani, chukueni kabla hamjapanda mabasi. Makundi ya kwenda kimondoni yataanza na wale wa mbali, Tunduma kwanza.

Asanteni kwa kunisikiliza.